Mtani Wangu Mhadhiri

Mimi pia nilihama kutoka maabara ya utafiti ya serikali nikaenda chuo kikuu. Kule kijijini kwetu, upande wa Mhunze, habari ile ilipofika walichinja mbuzi. Mjomba akanipigia simu kuuliza kama sasa naweza kumwingiza mtoto wake chuoni bila kupitia huko kwenye mitandao. Nikamwambia, mjomba, mimi nimehamia sinki la kuoshea vyombo. Hakuelewa, au hakutaka kuelewa, maana mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza huku ng'ombe wakinisubiri nje.

Aliyehama kweli kweli ni mkuu wangu wa kazi. Yeye alitoka kuwa mkuu wa maabara pale Shinyanga akawa mhadhiri upande wa Geita, kwenye kitivo kipya cha madini. Mimi nilimfuata baadaye. Majina sitaandika, la kwake wala la mtu mwingine. Vyeo nitaandika, na waliokuwepo watajijua.

Maabara yetu ilikuwa ya kupima mawe. Mawe yalikuja kwenye viroba kutoka Geita, Kahama na machimbo mengine madogo madogo, na wenye mawe walikaa nje kwenye benchi wakisubiri majibu kama watu wanaosubiri mgonjwa. Kazi yangu ilikuwa kuyasaga, kuyachekecha, kisha kuyapika kwa asidi ili mtaalamu apate maji ya kupima. Sisi tulisema hivyo, kupika mawe. Tulipikia ndani ya kabati kubwa lenye mlango wa kioo, na juu ya kabati kulikuwa na feni yenye nguvu inayonyonya moshi na kuutupa nje kwa bomba. Ule moshi si wa kuni. Ni wa rangi ya kahawia na unauma.

Mkuu wetu alikuwa Mzaramo, mimi ni Msukuma, na asiyejua maana yake nimweleze. Sisi ni watani. Toka enzi za mababu, Msukuma na Mzaramo wana ruhusa ya kutukanana hadharani, kunyang'anyana chakula, kuchekana hata msibani, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Kwa hiyo mkuu akiingia asubuhi hakunisalimia kama anavyosalimia wengine. Alisema, "Msukuma, umeshakula ule mlima wako wa ugali au bado unaupanda?" Nami nilimjibu, "Nimekula, Mzaramo. Wewe ulipomaliza kucheza ngoma ulikumbuka kwamba leo kuna kazi?" Wataalamu wenye digrii walimwogopa. Mimi mpika mawe ndiye niliyekuwa namtukana. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Mkuu alifuga kuku wa kisasa nyuma ya nyumba yake ya serikali. Anayejua joto la Shinyanga anajua kuku wale wanavyokufa. Wanaachama midomo, wanalala, kwisha. Basi ikaja wiki moja feni ya kabati ikatangazwa kuwa mbovu. Aliyeagiza itolewe ni mkuu wa maabara. Aliyefungua nati ni fundi umeme. Aliyetangaza kuwa ni mbovu ni mtunza stoo, ambaye hajawahi kuigusa. Tundu likazibwa kwa ubao, ubao ukapakwa rangi nyeupe, kazi nzuri kabisa, huwezi kujua kama kulikuwa na kitu. Na kuku wa mkuu wakaacha kufa. Ukipita nyuma ya nyumba yake uliisikia ile feni mbovu ikinguruma vizuri.

Sote tulijua. Wengine walikuwa wakinunua mayai.

Sisi tukaambiwa tupike huku dirisha likiwa wazi. Tukapika hivyo. Lakini upepo wa kiangazi ukaleta vumbi, vumbi likaingia kwenye sampuli, na kampuni moja iliyoleta mawe yake ikalalamika kwamba majibu hayaeleweki. Mkuu akaja akasimama mlangoni, safari hii bila utani, akasema, "Lifunge hilo dirisha, mzee, tunaaibika." Nikalifunga. Nikapika siku nzima. Kifua kiliwasha kidogo, macho yakatoa machozi, nikaenda nyumbani, nikala, nikalala vizuri tu. Kulipokucha nilikuwa siwezi kuvuta pumzi. Mke wangu alisema midomo ilikuwa imebadilika rangi kama ya mtu aliyekula zambarau. Walinibeba kwa bajaji mpaka hospitali.

Nilipona, kama huku ndiko kupona. Mapafu yangu hayajarudi. Nikipanda ngazi nasimama katikati kama mtu anayefikiria jambo zito.

Mkuu alikuja kuniona wodini. Akasimama miguuni pa kitanda akasema, "Msukuma hafi kwa moshi. Mmezaliwa ndani ya moshi wa samadi ninyi." Wagonjwa wakacheka. Nami nilicheka, kwa shida, maana ndiyo sheria. Aliniletea kuku wawili, wanono, wameshanyonyolewa. Mke wangu aliwapika akanikalisha kunipa supu. Akamtazama yule kuku ndani ya bakuli akasema, "Baba watoto, kunywa. Huyu alikuwa na mapafu mazuri."

Halafu ikaja tume kutoka makao makuu, watu watatu kwenye gari kubwa. Mwenyekiti wa tume aliniuliza, "Dirisha lilikuwa wazi au limefungwa?"

"Limefungwa."

"Nani alilifunga?"

"Mimi."

"Ahsante, mzee, pumzika."

Nikataka kuendelea, nikaanza kukohoa, na nilipomaliza kukohoa walikuwa wameshasimama. Hakuna aliyeinua macho kutazama juu ya kabati. Baada ya muda tuliitwa mkutanoni tukasomewa kwamba chanzo cha ajali ni uzembe wa mhudumu. Mhudumu ni mimi. Mkuu alikuwa amekaa mbele, ametulia, anaangalia viatu vyake. Toka siku ile nikawa na kitu kimoja tu ninachokitaka duniani, nacho ni mtu asimame mbele ya watu aseme kwamba mimi sikuwa mzembe. Sikutaka fidia. Kifua kimeshaharibika, utakilipa vipi? Nilitaka lile neno litoke.

Wakati mimi nahangaika na neno langu, mkuu alikuwa anamalizia masomo yake makubwa ya udaktari. Utafiti wake, sitanii, ulihusu moshi. Moshi wa zebaki, ule unaotoka wachimbaji wadogo wakichoma dhahabu kwenye karai, na jinsi wasivyojikinga. Alikwenda kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kule Geita akawauliza wachimbaji kwa nini hawajali afya zao. Wakamjibu wanavyojua. Akawa Daktari, na chuo kikuu kikamchukua.

Tukafanya sherehe ya kumuaga. Pilau, spika, vitambaa vya rangi kwenye viti. Mgeni rasmi alikuwa yule yule mwenyekiti wa tume. Mshereheshaji alipofika mahali pa utani akasema, "Sasa tunamwita mtani wake amuage kimila." Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilijua hii ndiyo nafasi yangu. Mpika mawe hawezi kumshitaki mkuu mbele ya makao makuu, lakini mtani anaweza, na hakuna wa kumzuia.

Nikashika kipaza sauti. Nikasema, "Huyu Mzaramo mnayemuaga ni mwizi. Alitung'olea feni ya maabara akawapelekea kuku wake. Kuku wakapepewa, sisi tukapika mawe ndani ya moshi. Mimi akaniambia nifunge dirisha, nikafunga, nikafa, nikafufuka. Halafu wakaja wakubwa, huyu mgeni rasmi yumo, wakasema mzembe ni mimi. Kuku hawakuhojiwa."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Mtunza stoo alicheka mpaka akamwagikiwa na soda. Mgeni rasmi alitoa kitambaa akafuta macho. Na mkuu mwenyewe alicheka kuliko wote, akaja akaninyang'anya kipaza sauti akasema, "Mnamsikia? Msukuma ameona feni akadhani ni ndege, mpaka leo anaulizia ilikorukia." Wakacheka tena. Akanikumbatia. Tukapigwa picha.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani mke wangu alitangulia hatua mbili mbele. Nikamwambia, "Si umesikia? Nimesema yote."

"Nimesikia. Na wao wamesikia. Umewapa bure."

"Bure vipi?"

"Baba watoto, jambo limeshachekwa. Nani atalisikiliza tena?"

Nilidhani ni maneno ya mwanamke aliyechoka. Mkuu mpya alipoingia, mama mmoja mtaratibu mwenye kusikiliza watu, nilikwenda ofisini kwake nikamwomba jambo langu liangaliwe upya. Nikaanza kueleza habari ya feni. Uso wake ukafunguka. "Ah, mzee, ile ya kuku? Siku ile ya kuaga nusura nianguke kwenye kiti." Akacheka tena pale pale kwa kukumbuka. Sikuendelea. Mtu wa kabila lisilo na watani hawezi kufanya kosa kama langu. Nilikuwa na neno moja la kweli, nikalipeleka mahali ambapo hata la kweli lina ruhusa ya kuwa uongo.

Maabara ikanitoa kwenye mawe kwa sababu ya vumbi, ikaniweka getini. Hapo ndipo simu ikaja.

"Msukuma, bado unapumua?"

"Napumua kwa zamu, Mzaramo."

"Njoo huku kitivoni. Wanatafuta mhudumu wa maabara. Hakuna mawe ya kusaga, ni kuosha vyombo vya watoto wa watu. Nimeshakusemea."

Nilikwenda. Nani angekataa? Na niseme ukweli, hakuwa mtu mbaya wa kila siku. Alikuwa mtu mzuri aliyehitaji feni.

Chuo ni mahali pa ajabu kwa mtu aliyetoka kwenye kazi. Kule Shinyanga, jiwe likija hakuna anayejua kilichomo, na mwenye jiwe yuko nje hajala. Huku chuoni jiwe lililokuwa kwenye droo ni lile lile, limetoka duara moja la jirani, kila mwaka wanafunzi wapya wanalipima, na jibu lake linajulikana kabla hawajazaliwa. Atakayepata jibu tofauti anarudia. Nje hakuna benchi wala mtu anayesubiri. Mkuu wangu alinawiri huko. Alinunua suti, akaanza kutembea polepole, akawa anasema "kwa mtazamo wangu" kabla ya kuomba chumvi. Kule maabara alikuwa akiulizwa kila siku majibu yako wapi. Huku anawauliza wengine.

Maabara ya kitivo ilikuwa na makabati ya moshi mapya, na feni zake juu, zote zinafanya kazi. Nilikuwa naziwasha asubuhi hata kama hakuna anayepika kitu.

Na kila mwaka palikuwa na somo lake la moshi. Alifundisha hatari za hewa chafu kazini, na alipofika katikati alimtuma mtu aniite. "Huyu hapa," anawaambia wanafunzi, "ni mtani wangu, Msukuma halisi. Huyu alipika mawe kwa asidi huku amefunga dirisha. Kwa nini? Aliogopa upepo usimwondolee harufu ya maziwa." Wanafunzi wanacheka. Ananiambia nikohoe kidogo, nami nakohoa, si kwa kuigiza. Namjibu, "Mzaramo, wewe uliogopa upepo usikuondolee usingizi." Wanacheka zaidi. Narudi kwenye sinki. Habari ya feni hakuigusa hata mara moja. Nami sikuigusa. Nilishaona inakokwenda ikiguswa.

Tungeendelea hivyo mpaka kustaafu kama binti yangu asingepata nafasi pale pale chuoni, tena kitivo kile kile. Alipata kwa akili zake, mjomba asidhani vingine. Darasa lilikuwa kubwa wakaligawa mikondo miwili, yeye akawa mkondo wa kwanza. Siku ya somo la moshi nikaitwa kama kawaida. Nikaingia, nikamwona mstari wa tatu, kalamu mkononi. Mzaramo hakujua kwamba yule ni wangu. Akasema yake, nikakohoa, nikajibu, darasa likacheka. Binti yangu alikuwa anaangalia daftari.

Jioni nyumbani aliniuliza huku anachambua mchicha. "Baba, kweli ulifunga dirisha?"

"Nililifunga."

Mama yake akadakia kutoka jikoni. "Mwambie na aliyekuambia ulifunge. Mwambie na feni ilikuwa inampepea nani."

Akaambiwa yote. Mama yake ndiye aliyesimulia, mimi nilikuwa natengeneza kiti ambacho hakikuwa kibovu. Binti akanigeukia.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Mbele ya makao makuu."

"Wakasemaje?"

"Walicheka."

Akaendelea na mchicha. Baadaye akasema taratibu, kama mtu anayejisemea, "Leo nimeulizwa na wenzangu kama namfahamu yule mzee wa dirisha. Nimesema simfahamu."

Hakusema kwa ubaya. Na ndiyo maana liliniingia.

Mkondo wa pili ulikuwa na somo lile lile wiki ile ile. Nilivaa shati safi. Nilipoitwa niliingia nikamwona binti yangu amekuja tena, amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, mahali ambapo hakutakiwa kuwa. Mzaramo akaanza, "Haya, huyu hapa mtani wangu, Msukuma halisi..."

Nikamkatiza. Nikainamisha kichwa kidogo, mikono nyuma, nikasema, "Shikamoo, Daktari."

Tangu tufahamiane sijawahi kumwamkia. Kwanza tunalingana umri, na pili mtani hampi mtani shikamoo, anampa tusi. Wanafunzi wachache walianza kucheka wakidhani ni mwanzo wa mchezo. Yeye hakucheka. Alielewa haraka kuliko mtu yeyote, maana na yeye kwao wamemlea hivyo hivyo. Nilikuwa nimeufunga mlango wa utani.

"Msukuma, vipi tena," alisema, sauti ya chini.

"Leo sina mtani humu ndani, Daktari. Naomba niseme kama mfanyakazi."

Nikasema. Safari hii sikuweka kuku mbele ili wacheke. Nilisema kabati lilikuwa na feni. Nilisema mkuu wa maabara aliagiza itolewe, fundi umeme akaitoa, mtunza stoo akasema ni mbovu, ikapelekwa kwenye banda la kuku la mkuu. Nilisema dirisha nililifunga kwa amri ya mkuu. Nilisema mwenyekiti wa tume aliniuliza habari ya dirisha peke yake. Nilisema mkuu huyo ni nani. Nilikuwa nasimama kupumua kila baada ya maneno machache, kwa hiyo ilichukua muda, na muda wote hakuna aliyecheka. Ule ukimya sikuwa nimewahi kuusikia katika habari hii.

Angeweza kunifukuza darasani. Angeweza kusema mzee huyu ana maradhi. Alikaa kwenye kona ya meza yake, akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Marahaba," alisema. Kisha akawageukia wanafunzi. "Ni kweli. Feni niliitoa mimi. Na dirisha niliagiza mimi. Huyu bwana hakuwa mzembe."

Wanafunzi wakainamisha vichwa wakaandika. Walidhani ni sehemu ya somo. Mmoja wa mbele akanyoosha mkono akauliza kama hiyo itatoka kwenye mtihani.

"Inaweza kutoka," alijibu.

Nilipotoka, binti yangu alikuwa amesimama nje ya mlango na wenzake wawili. Akawaambia, "Huyu ni baba yangu." Wakaniamkia, nikaitikia, nikaenda kuosha vyombo.

Hayo ndiyo niliyoyapata. Mkuu hakushushwa cheo. Mtunza stoo amestaafu kwa heshima, fundi umeme ana duka la vifaa vya umeme Kahama, na mwenyekiti wa tume nasikia bado anaenda kwenye tume. Mimi na Daktari tunasalimiana vizuri sana. "Shikamoo, Daktari." "Marahaba, habari za kazi?" "Nzuri." Anapita. Hajanitania tena wala sijamtania, maana ukishaufunga utani kwa namna ile haufunguliwi na mtu mmoja. Chuo kizima hakuna mwingine wa kuniita mpanda mlima wa ugali. Vijana wananiita mzee, wahadhiri wananiita mhudumu, basi.

Mwaka jana mama mzazi wa Daktari alifariki akiwa kwake hapa hapa Geita, alikokuwa anauguzwa. Tulikwenda msibani kitivo kizima. Wanaume tumekaa kwenye viti vya kukodi, majonzi mazito, na yeye amekaa katikati kwenye mkeka, amepungua. Wazee wa Kizaramo waliokuja kutoka Pwani wakaanza kuulizana, "Huku si ndiko kwa Wasukuma? Watani wako wapi? Mbona tunazika kama yatima?" Watu wa kitivo wakanitazama mimi. Na yeye akainua macho akanitazama.

Nilijua la kufanya. Ningejifunga kanga ya marehemu, ningetembea kwa mkongojo wake nikidai kahawa kama alivyokuwa akidai yeye, ningelala mbele ya jeneza nikilizuia lisitoke mpaka Mzaramo anilipe ng'ombe ambaye hajawahi kumfuga. Ningemchekesha mpaka alie vizuri, kwa sababu mpaka saa ile alikuwa hajalia. Makalio yangu yaliinuka kidogo kwenye kiti. Kisha yakarudi.

Aliyesimama ni mlinzi wa chuo, Msukuma mwenzetu wa Kahama, kijana asiyemfahamu marehemu wala mwanawe. Alifanya vibaya. Aliiga mwendo wa marehemu ambao hakuwahi kuuona, akasema mzaha wa ngoma ambao kila mtu anaujua, wazee wakacheka kwa adabu. Daktari akampa alichompa na kutabasamu kidogo, kisha akarudi kutazama mkeka. Mimi niliendelea kukaa na waombolezaji wengine, jina langu safi, nikinywa chai.